Seva inasahau, buku inakumbuka

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu mnaobaki nyumbani mukingojea makuta ya shimo, leo sitasema juu ya bei ya kilo wala juu ya kodi za barabarani. Nitasema juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kilibakia kidogo kuvunja sendika yetu huku Kabambare. Kitu kile ni usahaulifu wa mashini.

Habari ilianza hivi. Tuko na sanduku la msaada. Kila mwanamemba anatoa kidogo kila mwezi, na mwenzetu akipata shida, sanduku linamusaidia. Anayelishika ni mama mmoja, muchuuzi wa unga wa muhogo, mjane wa muchimbaji. Tulimuchagua kwa sababu hajaomba deni kwa mtu, na buku lake liko safi kuliko la karani yeyote wa biro.

Siku moja bibi ya mwenzetu alipelekwa hospitali ku Kasongo. Alipaswa kupasuliwa. Dola 120 zilihitajika mbele ya usiku. Tulikuwa wawili ku biro, mimi na yule mama, na simu ya sendika mkononi. Akafungua menyu ya kutuma makuta, akaweka namba ya shemeji ya mugonjwa, akaweka 120, akaweka namba ya siri, akabonyeza. Tukangoja. Skrini ikazunguka, kisha ikaandika maneno mawili ya Kifaransa: Session expirée. Hakuna mesaji nyuma yake. Tukatazamana. Mimi njo nilimwambia: «Mama, haikuenda. Anza tena.» Akaanza tena. Mara ya pili mesaji ikaja: makuta imefika. Tukamushukuru Mungu, bibi akapasuliwa, akapona.

Juma tatu zikapita. Mwenzetu mwingine akavunjika mguu shimoni, udongo ulimushukia. Tukaenda kutafuta dola 100 ndani ya sanduku. Hazikuwako. Buku la mama lilionyesha 120 zilizotoka, lakini hesabu ya simu ilionyesha 240. Ndugu zangu, munajua namna watu wanasema. Jioni ile ile kila mtu alikuwa anasema: «Yule mama amekula makuta yetu.» Wengine walitaka kumupeleka kwa polisi. Watoto wake waliitwa watoto wa mwizi pale sokoni.

Mimi nilijua hakuiba, kwa sababu nilikuwa karibu naye. Lakini kujua si kuonyesha. Nilikata barabara mpaka Kasongo kumutafuta kijana mmoja aliyesoma mambo ya kompyuta ku Kindu. Sasa anatengeneza simu na kuandika programu ndogo ndogo. Alitazama orodha ya matumo, akacheka kidogo, akasema: «Papa, hapa hakuna mwizi. Hapa kuko seva iliyosahau.» Kulikuwa na matumo mawili, yenye namba mbili tofauti, dakika mbili katikati yao, kwa mtu mmoja. Tuma la kwanza lilikwenda. Ni jibu lake njo lilipotea njiani. Sisi tukatuma tena, na seva ikatupokea sawa watu wapya kabisa, pasipo kukumbuka kama tulikuwa pale dakika mbili mbele.

Shemeji ya mugonjwa alipoulizwa, alisema ukweli: alipata mara mbili, akafikiri ya pili ni ya dawa na chakula. Amekwisha kurudisha zaidi ya nusu. Lakini mimi nilibaki na ulizo. Mashini yenye nguvu namna ile, inayohesabu makuta ya watu milioni, inawezaje kumusahau mtu ndani ya dakika mbili? Kijana akanieleza siku nzima. Mimi nilimaliza sekondari tu, kwa hiyo nitawaeleza namna nilivyosikia, kwa lugha ya mashimo.

Mtu wa chini na mtu wa juu

Seva ni kompyuta inayokaa mbali, Kinshasa ao ku inchi ingine. Kazi yake ni kujibu. Simu yako inauliza, yenyewe inajibu. Kila ulizo wanaliita mwito wa mbali.

Fikiri shimo refu. Mwenzako yuko chini, wewe uko juu na kamba. Akivuta kamba mara moja, unapandisha mfuko. Akivuta mara mbili, unashusha chombo. Kila kuvuta ni mwito. Sasa, saa sita mtu wa juu anabadilishwa. Yule mupya anashika kamba. Anajua kazi: akivutiwa mara moja, atapandisha. Lakini hajui mifuko ngapi imekwisha kupanda, hajui nani yuko chini, hajui kama mwenzake alikuwa katikati ya kufanya kitu. Kwa yeye kila kuvuta ni kwa kwanza.

Intaneti ya kurasa, ile tunayoita wavuti, ilijengwa namna hiyo. Muingereza Tim Berners-Lee aliitengeneza pale CERN, kituo cha wenye elimu ya fizika huko Geneva, Uswisi, kati ya mwaka 1989 na 1991. Alitaka watu wa sayansi wasome karatasi za wenzao. Unaomba ukurasa, seva inakupa, kisha inakusahau. Kwa kusoma karatasi, hiyo ilitosha. Anayekuja kusoma tangazo lililobandikwa ukutani hana haja ya kuandikisha jina.

Lakini watu walianza kutaka kununua, kulipa, kujaza karatasi za kurasa tatu. Hapo usahaulifu ukawa shida. Ukurasa wa kwanza unasema jina lako, wa pili unasema kiasi, wa tatu unasema ndiyo. Kama seva inasahau kila mara, ukifika ku ndiyo, haijui tena ni nani na ni ngapi.

Basi mafundi wa programu wakafanya kitu wanachoita objekti. Usiogope jina. Objekti ni sawa fishi moja ndani ya tumbo la seva: iko na jina lako, iko na kiasi ulichotaja, iko na alama ya pale ulipofikia, na inajua kazi inayoweza kufanya. Mwito wako wa kwanza unaizaa. Mwito wa pili unapaswa kuikuta ile ile, sio nyingine. Muda ule wote wa mazungumzo, tangu fishi kuzaliwa mpaka kutupwa, wanauita sesheni. Skrini yetu iliposema Session expirée, ilikuwa inasema: fishi yenu imetupwa. Haikusema kama makuta ilikwenda ao haikwenda. Na sisi tulisikia: haikwenda. Pale njo tulikosea.

Nani abebe kumbukumbu?

Nilimuuliza kijana: «Kwa nini seva haishiki fishi zote, ikamaliza maneno?» Akanipa sababu tatu.

Ya kwanza ni uzito. Kila fishi inakula nafasi. Kama fishi moja inakula kilobaiti 50, watu 10,000 kwa mara moja wanakula megabaiti 500. Siku ya malipo, watu wanaongezeka, na seva inaelemewa sawa mbeba-mifuko aliyepakiwa mifuko mitatu.

Ya pili: seva haijui kama umekwenda. Ukitoka dukani, muuza duka anaona mugongo wako. Seva haioni. Inajua tu kwamba mwito hauji tena. Labda umekwenda kula, labda mtandao umekatika, labda umekufa. Kwa hiyo inahesabu dakika. Programu zilizoandikwa kwa PHP, kama fundi hakubadilisha kitu, zinaweza kutupa fishi kisha dakika 24 za kimya. Tomcat, inayoendesha programu za Java, ni dakika 30. Zile za ASP.NET za Microsoft ni dakika 20. Mtu wa Ulaya anayejaza ukurasa kwa dakika tatu anaona hiyo ni nyingi sana. Lakini karani wa huku, anayeita majina ya wachimbaji kumoja kumoja, na mtandao unaokuja na kwenda, dakika 20 zinapita mbele hajamaliza watu watano.

Ya tatu ni kifo. Fishi inayokaa katika kumbukumbu ya haraka ya seva inaishi kwa umeme tu. Ukikatika, ao seva ikizimwa na kuwashwa, fishi zote zinakufa pamoja. Tena makampuni makubwa hayana seva moja. Yako na nyingi, na mwito wako wa pili unaweza kuangukia seva ingine, ambayo haijawahi kukuona. Ni yule mtu mupya wa kamba.

Kuko njia mbili za kutoka hapo, na nataka muzielewe, kwa sababu zinatuhusu.

Njia ya kwanza: mteja abebe mwenyewe kumbukumbu. Mwaka 1994, kampuni ya Netscape ya Marekani ilikuwa inatengeneza duka la intaneti kwa ajili ya kampuni ya simu inayoitwa MCI. MCI ilikataa seva zake zibebe mambo nusu nusu ya wateja ambao hawajamaliza kununua. Fundi wa Netscape, Lou Montulli, akatunga kuki: kikaratasi kidogo ambacho seva inakiacha ndani ya kompyuta yako, na kila unaporudi, kompyuta yako inakionyesha. Mpaka leo dunia nzima inatumia kuki.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kuko mfano mzuri zaidi. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2010, inawapa mafundi njia ya kujenga zile menyu za nyota na reli ambazo simu yoyote ndogo inafungua, hata isiyo na intaneti. Ukibonyeza 1, kisha 2, kisha ukaandika 5000, programu ya fundi haipokei 5000 peke yake. Inapokea yote kwa mufululizo: 1*2*5000. Nyayo zako zote zinakuja na kila mwito, pamoja na namba ya sesheni. Basi hata kama seva imesahau, inasoma nyayo na kujua ulikotoka. Lakini kile kikaratasi cha menyu kinabeba herufi 182 tu kwa ujumbe mmoja, na sesheni yake inakatwa kisha muda mufupi. Haiwezi kubeba mambo mengi.

Tena kuko hatari. Mteja akibeba karatasi mwenyewe, anaweza kuongeza sifuri. Wewe mwenyewe unajua: ukimupa mtu karatasi ya mizani aipeleke kwa mnunuzi, na haina muhuri, gramu 3 zitafika 5. Kwa hiyo programu nzuri inatia muhuri wa siri juu ya kile inachokupa ubebe, na ikirudi bila muhuri sawasawa inakataa.

Njia ya pili: seva iandike fishi ndani ya ghala la kudumu, ile benki ya data iliyo juu ya diski, na wewe ubebe namba tu. Umeme ukikatika, ghala linabaki. Ukiangukia seva ingine, nayo inakwenda ku ghala lile lile na kusoma. Ni polepole kidogo, kwa sababu kuandika juu ya diski kunachukua muda kuliko kukumbuka kichwani. Lakini haisahau.

Etiketi ya mufuko

Wenzetu wa kasiterite na koltani wanaijua hii njia ya pili kuliko mimi, hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Kumbukeni mwaka 2010. Mwezi wa saba, Marekani walitoa sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 juu ya madini ya inchi yetu. Tarehe 11 mwezi wa tisa, Raisi Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Tulikaa mpaka mwezi wa tatu 2011. Watoto walifukuzwa masomoni kwa kukosa makuta, kila mtu anakumbuka. Nyuma ya hapo etiketi za iTSCi zikaenea katika majimbo yetu.

Namna gani inafanyika? Mufuko unapimwa ku shimo, ajenti wa serikali anaufunga na etiketi yenye namba, na anaandika katika buku: namba, uzito, tarehe, shimo gani. Ukifika kwa negosia, etiketi ya shimo inaondolewa, ya negosia inafungwa, na namba zote mbili zinaandikwa. Ile etiketi haisemi uzito, haisemi shimo. Ni namba tu. Maana yote iko ndani ya buku. Mufuko unatembea toka mkono mpaka mkono, wanaoupokea hawajuani, lakini anayesoma namba na buku anajua safari yote.

Hiyo njo sesheni iliyoandikwa vizuri. Mufuko ni mwito. Etiketi ni kuki. Buku ni ghala. Na mambo mabaya yanafanana pia. Etiketi bila buku ni kipande cha plastiki. Na etiketi ikiibwa na kufungwa juu ya mufuko wa shimo lingine, buku litashuhudia uongo. Namna moja, mtu akiiba namba ya sesheni yako, seva itafikiri yeye ni wewe, kwa sababu haijui uso, inajua namba. Kwa hiyo ukitumia kompyuta ya watu wote, usisimame tu na kwenda. Bonyeza Déconnexion mbele ya kuondoka, fishi itupwe.

Sisi wa dhahabu, kutoka Namoya mpaka vijito vyote vya Kabambare, hatuna etiketi zile. Tuko na mizani na neno la mtu. Kwa hiyo tunapaswa kujilinda zaidi.

Rejista yetu iliyopotea

Nitawaambia kosa lingine. Mbele ya mambo ya sanduku, tulikuwa tumeletewa programu ya kuandikisha wanamemba kwa intaneti: jina, shimo, watu wa nyumba, namba ya karte ya muchimbaji, kiasi anachotoa. Kurasa nne kwa kila mtu, na kitufe cha Enregistrer mwishoni mwa ukurasa wa nne tu. Aliyetuletea hakuwa mtu mubaya. Alikuwa amejaribu programu yake katika muji wenye umeme.

Siku ya kwanza tuliweka watu chini ya manguo, wakapanga mustari tangu asubuhi. Wengine walitembea saa nne. Karani akaandika, grupu ikazima kwa kukosa mafuta, tukawasha tena, tukaanza mtu yule upya. Kisha mtandao ukapotea wakati wa jua kali, ukarudi, na skrini ikarudi mwanzo: ingiza jina na neno la siri. Jioni, kati ya wote waliopita mbele ya meza, ni 11 tu waliobaki ndani ya mashini. Wengine waliobaki katika fishi za ndani ya tumbo la seva, walitupwa nazo. Na sisi tulikuwa tumekwisha kuwaambia: «Nenda, umeandikwa.» Mmoja wao njo yule aliyevunjika mguu. Alipokuja kuomba msaada, jina lake halikuonekana, na watu wa komite walianza kubishana kama yeye ni mwanamemba. Ni buku la karatasi la mama lilimuokoa. Alikuwa anamulipia kila mwezi, na sini yake iko pale.

Kijana wa Kasongo alitusaidia kurekebisha. Hakuandika programu mupya. Alibadilisha mambo matatu. La kwanza: kila ukurasa ukijazwa, unaandikwa papo hapo ndani ya ghala, hata kama mtu hajamaliza, na unatiwa alama ya kwamba haujakamilika. La pili: karani anapewa namba fupi ya fishi ile tangu ukurasa wa kwanza, anaiandika ndani ya buku kwa biki. Umeme ukikatika, kesho anaweka namba, programu inamufungulia pale alipoachia. La tatu njo lilinifurahisha zaidi: namba moja, kazi moja. Unapotaka kulipa, programu inazaa namba ya malipo kwanza, mbele ya kulipa. Ukibonyeza mara mbili, ao mara kumi, namba inayokwenda ni ile ile. Seva ikiona namba iliyokwisha kulipa, hailipi tena, inakujibu tu jibu la zamani: ililipwa, saa fulani. Kama lingekuwa hivyo siku ile ya 120, mama hangeitwa mwizi.

Mafundi wa dunia wamelijua jambo hili muda mrefu. Mwaka 2000, Mumarekani Roy Fielding aliandika katika kitabu chake cha udaktari kwamba kila mwito unapaswa kubeba ndani yake yote yanayohitajika ili ueleweke, seva isitegemee kukumbuka mazungumzo. Sio kwamba kumbukumbu ifutwe. Kumbukumbu ikae mahali panapojulikana, penye mlinzi, sio ndani ya kichwa cha mtu wa kamba ambaye atabadilishwa saa sita.

Tunachopaswa kuuliza

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012, na makampuni mengine yako na yao. Siku hizi negosia anataka kutulipa kwa simu, shule inataka makuta kwa simu, na kila mradi unaokuja unabeba programu ya kutuandika. Sisi hatusemi hapana. Simu imeokoa wengi waliokuwa wanapita barabarani na makuta mfukoni wakavuliwa. Lakini mtu akija na programu, sendika imuulize maulizo manne, na ajibu mbele ya watu wote.

Moja: umeme ukikatika ku ukurasa wa tatu, kurasa mbili za kwanza ziko wapi? Akisema «ndani ya sesheni», mwambie arudi kuzitia ghalani.

Mbili: tukibonyeza mara mbili kwa sababu ya mtandao, tutalipa mara mbili? Atuonyeshe hapa hapa, azime mtandao katikati na kuuwasha tena.

Tatu: inangoja dakika ngapi mbele ya kutufukuza? Na ikitufukuza, itatuambia kwa lugha yetu kama kazi ilifanyika ao hapana? Session expirée si jibu kwa mama anayengojea makuta ya upasuaji.

Nne: tunaweza kutoa kila kitu kwa karatasi, na nani mwingine anaweza kusoma fishi zetu?

Na nyinyi ndani ya nyumba, shikeni haya. Ukituma makuta na simu ikakatika, usitume tena mbio. Angalia kwanza hesabu yako: imepunguka ao haijapunguka? Muite anayepokea. Tazama orodha ya matumo ya mwisho. Kama bado hujui, ngoja, kisha angalia tena, ao piga simu kwa huduma ya wateja. Tena usifute mesaji. Andika namba ya tuma ndani ya buku, na tarehe, na jina la uliyemutumia. Namba ile ni etiketi ya mufuko wako. Ukienda kulalamika bila namba, wewe ni mtu mupya wa kamba, hakuna anayekujua. Ukienda na namba, watafungua ghala na fishi yako itasimama.

Tulimaliza namna gani? Tuliita mkutano pale pale chini ya manguo. Kijana alisoma zile namba mbili kwa sauti, shemeji ya mugonjwa akasimama akasema alichopokea, na mimi nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyesema anza tena. Waliomutukana mama waliomba samahani, si wote, lakini wengi. Mwenye mguu alipata dola 60 siku ile, na zingine mwezi uliofuata.

Mama alikubali kushika sanduku tena, kwa sharti moja. Amenunua buku la pili. Ndani yake haandiki makuta. Anaandika namba za matumo tu, mustari kwa mustari, na kila anapobonyeza, wawili wetu tunatia sini pembeni mbele simu haijawekwa mezani.